Besimenti, uvungu au jamvi: kuchagua nyumba Iowa penye mafuriko na radoni

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilishuka kwenye besimenti ya nyumba iliyokuwa inauzwa hapa Cedar Rapids, Iowa, pamoja na baba mmoja wa Uvira, Kongo, na mkewe. Wana watoto sita. Juu kulikuwa na vyumba viwili, chini vitatu. Zulia lilikuwa jipya, kuta zimepakwa rangi nyeupe, na bei ilikuwa ya chini kuliko nyumba zote walizokwisha kuona. Mama alikuwa ameshaanza kugawa vyumba, wavulana huku, wasichana kule. Mimi nikazunguka nyuma ya mashine ya joto, mahali ambapo brashi ya mpaka rangi haifiki. Kwenye zege palikuwa na mstari wa tope kavu, umenyooka kama umepigwa kwa uzi wa fundi, kimo cha kifua changu. Hatua mbili kutoka hapo shimo la pampu lilikuwa wazi, maji yanameta chini, halina hata kipande cha ubao juu yake.

"Ndugu, huo mstari nimeuelewa," baba akaniambia. "Lakini hilo shimo lina ubaya gani? Si la kutoa maji?"

Linatoa maji, nikamjibu, na linaingiza hewa ya ardhini. Tulikaa kwenye ngazi ya besimenti karibu saa nzima tukiongea. Niliyomwambia siku ile ndiyo ninayoandika hapa, kwa sababu familia nyingi zetu, za Kongo, Burundi, Rwanda na Kenya, zinanunua nyumba za kwanza katika jimbo hili, na maajenti wengi hawana muda wa kueleza.

Mafuriko hatuhitaji kufundishwa. Waliokuwa Uvira mwezi wa nne 2020 waliuona mto Mulongwe ukibomoa nyumba. Hapa Cedar Rapids, tarehe 13 Juni 2008, mto Cedar ulifika kimo cha futi 31.12, wakati rekodi ya zamani ilikuwa futi 20 tu. Maji yalipita hata mpaka wa yale yanayoitwa mafuriko ya miaka 500, na baadaye mji ukanunua na kubomoa nyumba zaidi ya elfu moja. Ukipita mtaa wa Time Check leo utaona nyasi mahali palipokuwa na majirani.

Radoni ni habari nyingine. Kwetu hatukuizungumzia, maana nyumba zetu nyingi hazina chumba chini ya ardhi na madirisha yake hayafungwi kwa miezi mitano. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokana na urani iliyomo udongoni. Barafu za kale zilisaga miamba na kuitandaza Iowa nzima, ndiyo maana kaunti zote 99 za jimbo hili zimo katika kundi la kwanza la shirika la mazingira la Marekani, EPA, yaani kundi lenye matarajio ya radoni nyingi kuliko yote. Wakati wa baridi hewa ya joto hupanda na kutokea juu ya nyumba, na nyumba hunyonya hewa mpya kutoka chini, kwenye nyufa, kwenye maungio ya sakafu na ukuta, kwenye shimo la pampu. EPA inakadiria kuwa radoni huua watu kama 21,000 kwa mwaka nchini Marekani kwa saratani ya mapafu, na ni ya pili baada ya sigara. Kiwango cha kuchukua hatua ni pikokiuri 4 kwa lita ya hewa, sawa na bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linashauri chini zaidi, bekereli 100.

Msimamo wangu ni huu. Mto huwezi kuuhamisha, ila radoni unaweza kuitoa kwa bomba na feni. Kwa hiyo ramani ya mafuriko iamue nyumba gani uikatae, na kipimo cha radoni kiamue bei utakayotoa. Wanaofanya kinyume, wanaokimbia nyumba nzuri ya kilimani kwa sababu kipimo kimesoma 9 halafu wakanunua ya bondeni iliyosoma 3, wamekimbia jambo la dola elfu moja na mia kadhaa na kukumbatia la dola laki.

Kanuni zinavyosema

Majimbo na miji mingi ya Marekani hujenga kwa kufuata kanuni moja ya nyumba za makazi, kila mahali wakiongeza na kupunguza. Ndani yake mafuriko na radoni havina uzito sawa, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Sehemu ya mafuriko ni lazima popote ramani ya FEMA, shirika la Marekani la kushughulikia maafa, inapoonyesha eneo la hatari, lile la herufi A au AE. Hilo ni eneo lenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka kufikiwa na maji. Asilimia 1 inasikika ndogo, lakini katika miaka 30 ya mkopo wa nyumba inafika asilimia 26. Kwenye AE ramani hutaja pia kimo ambacho maji hayo yanatarajiwa kufika, na kanuni inataka sakafu ya chini kabisa ya nyumba mpya iwe futi moja juu ya kimo hicho, au zaidi kama mji umeamua hivyo. Umeme na mashine za joto navyo vipandishwe. Chochote kilicho chini ya kimo hicho kijengwe kwa vitu vinavyovumilia maji: zege, mbao zilizotiwa dawa. Jipsamu ya kawaida, zulia na sufi ya kuzuia baridi havikubaliki.

Sehemu ya radoni imewekwa kama nyongeza. Nyongeza haina nguvu mpaka jimbo au mji uipitishe. Jirani zetu wa Minnesota wameilazimisha kwa nyumba mpya tangu 2009. Iowa inategemea mji. Maana yake unaweza kununua nyumba mpya kabisa, yenye vibali vyote, isiyo na bomba la radoni, na mjenzi akawa hajavunja sheria yoyote. Usiridhike na neno "imepita ukaguzi". Uliza ofisi ya vibali ya mji wako swali moja: nyongeza ya radoni mmeipitisha?

Mfumo wenyewe ukijengwa tangu mwanzo ni rahisi. Chini ya zege inamwagwa kokoto safi inchi 4, juu yake karatasi nene ya nailoni iliyopandishana inchi 12 kwenye maungio, kisha zege. Bomba la plastiki la inchi 3 linaanzia kwenye kokoto, linapanda ndani ya nyumba na kutokea juu ya paa. Nyufa na maungio yote yanazibwa, shimo la pampu linafunikwa kwa kifuniko kisichopitisha hewa. Darini inaachwa sehemu ya umeme, ili kipimo kikiwa juu feni ifungwe bila kubomoa kitu.

Besimenti

Hii ndiyo nyumba ya Iowa. Kuna sababu: baridi hugandisha ardhi kwa kina, na kanuni hutaka msingi ushuke kama inchi 42. Ukishachimba kiasi hicho, kuongeza futi nne upate chumba kizima ni gharama ndogo. Kuna kimbunga pia. Tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba ya upepo iliyopiga mji huu iling'oa mapaa na kuangusha miti kila mtaa, na kukimbilia chini ya ardhi lilikuwa jambo la akili. Siwezi kumwambia mtu mwenye watoto sita kuwa besimenti haina maana.

Lakini kwenye eneo A au AE besimenti ndiyo chaguo baya kuliko yote. Kwa nyumba mpya ni kama haijengeki, kwa sababu sakafu iliyo chini ya ardhi pande zote huhesabiwa kuwa ndiyo sakafu ya chini kabisa, na haiwezi kuwa chini ya kimo cha mafuriko. Nyumba za zamani zipo kwa sababu zilijengwa kabla. Zina mtego mmoja: ukarabati ukifika asilimia 50 ya thamani ya jengo, bila kuhesabu kiwanja, nyumba nzima inatakiwa ifuate kanuni ya sasa. Mara nyingi hiyo ina maana besimenti ijazwe kifusi na mashine zote zihamishiwe juu. Mtu amenunua vyumba vitano, akabaki na viwili.

Bima nayo iangalie kwa macho mawili. Bima ya mafuriko ya serikali ina kikomo cha dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, isipokuwa kama inanunuliwa pamoja na mkopo. Ndani ya besimenti inalipa vitu vichache: mashine ya joto, tangi la maji moto, boksi la umeme, pampu. Zulia jipya lile, makochi, vitanda vya watoto, hakuna.

Kwa upande wa radoni besimenti ina eneo kubwa linalogusana na udongo, sakafu na kuta nne, kwa hiyo kipimo chake ndicho huwa juu. Ghorofa ya juu yake mara nyingi husoma karibu nusu. Ndiyo maana inaniuma nikiona vyumba vya watoto vimewekwa chini bila kupimwa: mtoto analala kwa muda wa saa tisa mahali penye hewa nzito kuliko sebule ya wageni. Hata hivyo besimenti ndiyo rahisi kurekebisha. Fundi anatoboa zege, anaingiza bomba kwenye kokoto, feni inafungwa darini au nje ya nyumba, na kazi inaisha siku hiyo hiyo. Gharama ya kawaida ni dola elfu moja hadi elfu mbili na kitu. Ukikuta feni imefungwa ndani ya besimenti yenyewe, jua imewekwa vibaya. Bomba likivuja baada ya feni, gesi inasukumwa ndani ya nyumba badala ya kutolewa.

Jambo moja la usalama liingie akilini kabla halijahitajika. Besimenti ikijaa maji, usikimbilie kupampu yote kwa mara moja. Ukuta wenye maji ya futi 4 upande mmoja tu husukumwa na karibu ratili 500 kwa kila futi moja ya urefu wake. Ukuta wa futi 30 hapo unabeba ratili 15,000. Ardhi ya nje ikiwa bado imeloa na wewe umeondoa maji ya ndani yaliyokuwa yanasawazisha, ukuta unaingia ndani. Ushauri wa FEMA ni kutoa kama theluthi moja kwa siku.

Uvungu

Naita uvungu ile nafasi ya futi mbili tatu chini ya sakafu ya mbao, ambayo fundi huingia kwa kutambaa. Kwa maji, uvungu ni bora kuliko besimenti kwa mbali, kwa sababu kanuni inauruhusu ndani ya eneo la mafuriko kwa masharti. Sakafu ya uvungu isiwe chini kuliko ardhi ya nje pande zote, la sivyo unahesabiwa kuwa besimenti. Kuta ziwe na matundu ya kupitisha maji, yaingie na kutoka yenyewe bila mtu kuyafungua, angalau mawili kwenye kuta tofauti, na ncha yake ya chini isizidi futi moja kutoka ardhini. Ukubwa wake ni inchi moja ya mraba kwa kila futi moja ya mraba ya uvungu.

Hesabu hiyo ifanye mwenyewe ukiwa pale. Uvungu wa futi za mraba 1,200 unahitaji inchi za mraba 1,200 za uwazi. Tundu la kawaida la inchi 8 kwa 16, likiwa tupu kabisa, ni inchi 128. Kumi zake hazitoshi ukishaondoa kinachozibwa na wavu. Yapo matundu yaliyotengenezwa maalumu na kupewa cheti, ambayo moja huhudumia futi za mraba 200, kwa hiyo sita yanatosha. Ukizunguka nyumba ukaona matundu manne madogo, umeshajua.

Uvungu ndio mahali ambapo kanuni hizi mbili zinagongana waziwazi. Mafuriko yanataka matundu wazi. Baridi ya Januari inataka yafungwe, na wenye nyumba wengi huyaziba kwa mbao au povu mabomba yasigande. Tundu lililozibwa ni kosa, na maji yakija ukuta ndio unaolipa. Radoni nayo hupungua kidogo hewa ikipita uvunguni, lakini kidogo tu, huwezi kuitegemea. Dawa yake ya kweli ni kutandika nailoni juu ya udongo wote, kuigandisha kwenye kuta, kisha kunyonya hewa iliyo chini yake kwa bomba na feni. Inafanya kazi vizuri mpaka siku maji yanapoingia kupitia matundu ambayo sheria imeyataka. Hapo nailoni inaelea, inajaa tope, na kazi inaanza upya.

Ongeza na hili: katika nyumba za zamani mabomba ya hewa ya joto yamening'inia uvunguni, yana mianya, na mashine ikiwaka inavuta hewa ya uvungu na kuigawa chumba kwa chumba. Ukichagua uvungu, chagua ule unaoweza kuingia na kukagua. Nimekutana na wauzaji wanaosema mlango wa uvungu umepigwa misumari tangu zamani. Mimi hapo huaga.

Jamvi juu ya ardhi

Nyumba iliyokaa juu ya jamvi la zege, bila chumba chini, ndiyo ninayoipenda kwa mtu anayejenga mpya karibu na bonde. Kiwanja kinainuliwa kwa kifusi kilichoshindiliwa hadi uso wa jamvi uwe futi moja juu ya kimo cha ramani au zaidi. Hakuna kuta za kusukumwa na maji, hakuna matundu ya kugombania na baridi, hakuna shimo la pampu. Kokoto, nailoni na bomba la radoni vinawekwa siku ile ile jamvi linapomwagwa, kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na kutoboa baadaye.

Kosa ninalolisikia kila mara ni kwamba nyumba isiyo na besimenti haina radoni. Si kweli. Gesi hupanda kupitia nyufa na pale mabomba ya choo yanapotoboa zege, na humo familia inakaa moja kwa moja juu ya udongo, bila ghorofa ya kati ya kuipunguza. Pima kama nyumba nyingine yoyote. Upungufu wa pili ni kimbunga: huna pa kushuka. Mjenzi anaweza kukutengenezea chumba kidogo cha zege na chuma katikati ya nyumba. Usikubali akwambie bafu linatosha kama bajeti inaruhusu chumba hicho.

Nyumba za kuhamishika zinazouzwa kwenye viwanja vya kukodi ziko karibu na uvungu katika hesabu hii, ila ndani ya eneo la mafuriko lazima ziinuliwe na kufungwa kwenye msingi zisielee. Nyingi nilizoziona karibu na mto zimekaa kwenye matofali tu. Sizishauri.

Kupima kabla ya kusaini

Ingia kwenye ramani za FEMA, andika anwani, soma herufi. Ikiwa ni A au AE, muombe muuzaji cheti cha kimo cha nyumba, kinachoonyesha sakafu iko wapi ukilinganisha na maji. Ikiwa ni X, yaani nje ya eneo hilo la hatari, kwa kawaida mkopeshaji hatakulazimisha bima, lakini mwaka 2008 maji hayakusoma ramani, na bima ya nyumba ya X mara nyingi huwa nafuu. Inunue.

Kwa radoni, weka sharti la kipimo kwenye ofa. Makopo ya mkaa ya kupimia radoni yanapatikana kwa bei ndogo, lakini kwenye mauziano mwite mpimaji mwenye leseni ya jimbo. Madirisha yafungwe kwa muda wa saa 12 kabla, kipimo kikae saa 48 au zaidi kwenye sakafu ya chini mnayokusudia kuishi, angalau inchi 20 kutoka sakafuni. Kikisoma 4 au zaidi, mwombe muuzaji afunge mfumo au apunguze bei. Kama kuna mvutaji sigara nyumbani, usingoje ifike 4. EPA inakadiria kuwa katika kiwango hicho, kwa kila wavutaji 1,000 wanaoishi nacho maisha yao yote, 62 huenda wakapata saratani ya mapafu, na kwa wasiowahi kuvuta ni 7.

Na nyumba ikishawahi kuingia maji, pima upya hata kama bomba lipo. Kokoto zikijaa maji na matope feni hainyonyi kitu, na zege lililotikiswa na mafuriko lina nyufa ambazo mwaka jana hazikuwepo.

Wale ndugu zangu waliiacha ile nyumba ya zulia jipya. Walinunua nyingine ya zamani, ndogo zaidi, juu kilimani kwenye eneo X, yenye besimenti kavu iliyosoma juu ya 9. Muuzaji alikubali kufunga bomba na feni, na kipimo cha pili kikashuka chini ya 2. Wavulana wanalala chini.

Miezi kadhaa baadaye mama alinitumia picha ya kile kibomba cha kioo chenye umbo la U kilichobandikwa kwenye bomba la radoni, kimiminika chake chekundu upande mmoja kimepanda, mwingine kimeshuka. "Shemeji, hiki kitu kimepinda," akaandika. "Kimeharibika?" Nikamjibu kwamba hivyo ndivyo feni inavyoonekana ikiwa kazini. Siku pande zote mbili zikilingana, hapo anipigie simu, hata kama ni usiku.